Kusaka visukuku na watoto, kutoka Isimila hadi Matema

Alhamisi, Isimila

Kitindamimba wetu ana miaka saba na ombi lake ni moja tu: mfupa wa dinosaria. Hataki picha wala mdoli wa plastiki. Dada yake, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu, anamcheka, lakini ndiye aliyepakia brashi ya rangi, rula na daftari. Baba yao alichotaka ni ufukwe na samaki wa kukaanga. Mimi nafundisha Jiografia, kwa hiyo kazi ya kupanga njia ya kuwaridhisha wote iliniangukia. Nikapanga tuanzie Isimila, kisha tupitie Tukuyu kumchukua mama yangu, halafu tushuke wote Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa.

Isimila iko kilometa kama 20 tu kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya Mbeya, na najua familia nyingi za hapa mjini ambazo hazijawahi kukanyaga pale. Wageni wa mbali ndio wanaopajua. Sisi tulifika asubuhi baridi ya Juni ikiwa bado inauma masikio. Mwongozaji akatupokea kwa "Kamwene", watoto wakaitikia kwa sauti ya darasani, tukalipa kiingilio na kuteremka korongoni.

Wengi huja kupiga picha kwenye zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Ni nzuri, sikatai. Ila mimi niliwapeleka watoto kwanza kwenye kibanda chenye paa, ambako mawe yaliyochongwa yamelala chini kwa wingi. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini alipita hapa, akaokota baadhi ya mawe hayo na kuyapeleka kwa wataalamu. Mwaka 1957 na 1958 uchimbaji ukafanyika chini ya Clark Howell, mtaalamu wa Marekani. Shoka za mkono za Isimila ni kubwa kupita kiasi, nyingine zina urefu unaozidi sentimita 30, na mtu anajiuliza ni mkono wa namna gani ulikuwa unalibeba jiwe la namna hiyo kutwa nzima. Baba yao alisimama pale muda mrefu kuliko watoto.

Umri wa mahali hapa ulipimwa kwa madini ya urani yaliyomo kwenye mifupa, na majibu yaliyochapishwa mwaka 1972 yalitoa kama miaka 260,000. Kitindamimba akadaka neno mifupa.

"Mifupa ya nani?"

Ya kiboko, mwongozaji akamwambia. Kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu kabisa ya fuvu, hata akizama mwili mzima macho yanabaki juu yanachungulia. Wataalamu humwita Hippopotamus gorgops. Mtoto akakunja uso. Kiboko si dinosaria.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikawauliza: kiboko huishi wapi? Majini. Hapa pana maji? Pana kijito chembamba tu. Basi mwongozaji akawaonyesha ukuta wa korongo, tabaka la mchanga, la udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga tena. Zamani palikuwa na maji yaliyotuama, mashapo yakawa yanashuka na kufunika kila kilichoachwa ukingoni, jiwe la mtu na mfupa wa mnyama. Miaka mingi baadaye kijito kikaja kukata kila kitu kutoka juu hadi chini na kuviweka nje. Nikamwambia binti yangu aandike kwenye daftari mambo mawili: kwanza kuzikwa, pili kufukuliwa. Bila la kwanza mfupa unaoza au fisi anautafuna. Bila la pili upo, lakini hutauona.

Kitindamimba alikuwa ameshaweka jiwe mfukoni. Mwongozaji alicheka, akamwomba alirudishe palepale alipolitoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda zana za kale na pia visukuku, yaani mabaki ya wanyama na mimea yaliyogeuka mawe, na kuchimba kunahitaji kibali. Lakini hoja yake nyingine ilimwingia mtoto zaidi ya sheria: jiwe likitoka kwenye tabaka lake halisemi tena limetoka wakati gani. Tangu hapo tukakubaliana kwamba kila kitakachoonekana kitapigwa picha kikiwa na rula pembeni, kichorwe, kiachwe.

Ijumaa, barabarani

Safari ya kawaida. Mafinga kuna ukungu na malori ya mbao, Makambako tukala chipsi mayai, Igawa jua, Chimala mpunga wa Usangu pande zote. Askari wa barabarani walitusimamisha mara kadhaa na kila mara kitindamimba aliwaeleza tunakwenda kutafuta dinosaria. Mmoja akamwambia akimpata amfunge mkanda.

Uyole ndipo njia inapochepuka kwenda Tukuyu, na ndipo nilipowaambia watoto kwamba kama ni dinosaria kwa maana ya dinosaria, tunampa mgongo. Yuko upande wa pili wa Mbeya, kwenye mabonde yanayoelekea Ziwa Rukwa. Huko, kwenye miamba ya mchanga mwekundu, wametoka wanyama wakubwa wala majani wenye shingo ndefu: Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, Shingopana songwensis mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019. Huyo wa mwisho alitokea kwenye kingo za Mto Mtuka, na mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Watoto walilirudia jina lake mpaka Isyonje, wakilipigia makofi.

"Songwensis ni ya Songwe? Si tunakwenda huko huko Kyela?" binti akauliza, maana anajua Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi.

Iko mito miwili yenye jina hilo, na hata watu wazima wa Mbeya huichanganya. Mmoja unakwenda Nyasa na ndio wa mpakani. Mwingine unakwenda Rukwa, na huo ndio wenye mifupa. Katika mabonde hayohayo ya Rukwa yalipatikana pia mabaki ya mnyama wa jamii ya sokwe wa miaka milioni 25 iliyopita, Rukwapithecus, aliyetangazwa mwaka 2013.

"Sasa mbona tunakwenda Matema?"

Swali zuri. Baba yao akanitazama kwa jicho la pembeni huku akibadilisha gia. Nikasema tutalijibu tukifika mchangani.

Mama alikuwa ametusubiri kibarazani Tukuyu amejifunga kitenge juu ya sweta, mvua nyepesi ikinyesha kama kawaida ya huko. "Mugonile, mama." "Ndaga, mwanangu." Mbalaga ilikuwa tayari mezani. Aliposikia shabaha ya safari alisema mifupa ya zamani haiokotwi hovyo, mingine ina wenyewe. Kisha akauliza tunaondoka saa ngapi, maana naye anakwenda, anataka vyungu.

Jumamosi, Matema

Tuliondoka gizani. Kutoka Tukuyu barabara inateremka bila kupumzika, na kila kona mtu anavua kitu: kwanza kofia, halafu sweta, halafu soksi. Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu iko zaidi ya kilometa moja juu yake. Kikusya tukakunja kushoto, Ipinda tukapita kakao iliyoanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na harufu yake kali ya kuchachuka ikaingia dirishani. Mbele yetu Milima ya Livingstone ilikuwa imesimama kama ukuta, inainuka moja kwa moja kutoka majini.

Kabla mtu hajavua kiatu nilitoa masharti. Hakuna kwenda kwenye matete wala maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho. Hakuna kusogea mdomo wa mto, kwa sababu ya mamba. Kutafuta kwenyewe tungefanya asubuhi hii hii, jua likiwa bado chini, kwa sababu mwanga wa ubavu unakitolea kila kitu kivuli, na kitu chenye umbo la ajabu kinajitangaza chenyewe. Saa sita mchana mchanga wote unafanana. Halafu tulikuwa na bahati ya msimu. Kuanzia Mei upepo wa kusini, ambao watu wa ziwa wanauita mwera, hulisukuma ziwa lote kuja upande huu wa kaskazini, na mawimbi huacha mstari wa takataka zake juu ya mchanga. Mstari huo ndio tulioufuata, watoto mbele wameinama, mimi nyuma yao, mama amekaa chini ya mwembe na kanga yake. Baba yao alikuwa ameshapotea kwa wavuvi.

Kitu cha kwanza kilikuwa makombe ya konokono, mengi, meupe kwa jua. Si kisukuku, ni wa juzi. Ukilivunja linaonekana jembamba na linang'aa kwa ndani.

Kitu cha pili kilikuwa taya lenye meno, na kitindamimba alipiga ukelele uliowaamsha mbwa wa wavuvi. Nikamfundisha mtihani wa wachimbaji: mfupa uliogeuka jiwe mara nyingi ni mzito kuliko unavyotarajia, na ukiwa na vitundu vidogo vidogo ukiugusa kwa ulimi unanata. Akakimbilia kulamba kabla sijamwambia lioshwe. Halikunata. Lilinuka. Mvuvi aliyekuwa anashona nyavu akamwambia hilo taya ni la kambale, aliliwa wiki iliyopita, na supu yake ilikuwa nzuri.

Kitu cha tatu kilimchanganya hata binti: jiwe la kijivu, kubwa kama ngumi, jepesi kama andazi, lenye matundu kila mahali. Alilitupa majini likaelea. Ndilo jiwe ambalo mama na wenzake husugulia visigino, na halikuzaliwa hapa ufukweni. Lilitoka juu huko tulikolala. Mlima Rungwe ulilipuka kama miaka 4,000 iliyopita na kumwaga povu la mawe juu ya nchi yote ya Wanyakyusa, na mito mpaka leo inateremsha mabaki yake ziwani. Binti akapiga hesabu, akaniambia kwa hiyo jiwe hili ni changa kuliko piramidi za Misri. Kweli kabisa. Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo.

Baada ya hapo kukawa na ukame. Kokoto, kokoto, kokoto. Kokoto nzuri, zenye mistari ya kijivu na ya waridi na vipande vya mika vinavyometa. Kitindamimba akakaa chini akatangaza kwamba Matema hakuna kitu.

Hapo ndipo swali la Ijumaa lilipopata jibu. Nikawaambia watazame mlima. Mawe haya yote ya mistari yamebomoka kutoka pale juu, na mwamba ule ni mwamba geu, una umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Ulitengenezwa kabla ya kiumbe chochote chenye mfupa kuwapo duniani. Na hata kama kingekuwapo, mwamba umeshapikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mpaka mistari yake imejikunja, kisingebaki kitu. Ukivunja kokoto zote za ufukwe huu hutapata hata unywele.

Kisha nikawageuza walitazame ziwa. Ardhi hapa imepasuka kwa Bonde la Ufa, upande wa milima umeinuka, upande wa maji unadidimia, na kila mvua mito inaleta tope. Katikati kina cha Nyasa kinafika kama mita 700. Chini ya maji hayo mashapo yamejipanga kwa unene wa kilometa kadhaa. Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa hili kutoka juu ya meli na kutoa nguzo ya tope yenye urefu wa mamia ya mita, wakasoma humo historia ya mvua na ukame ya zaidi ya miaka milioni moja. Kambale, kiboko, mtumbwi uliozama, vyote vinazikwa humo wakati sisi tunaongea.

Binti alifungua daftari, akarudi ukurasa wa Isimila. "Kwa hiyo hapa ni namba moja. Namba mbili bado."

Basi. Nilikuwa na maelezo mengine marefu, nikayameza.

Chakula cha mchana kilikuwa mbasa wa kukaanga na wali wa Kyela, na sitaki kubishana na mtu kuhusu mchele upi ni bora nchini. Tukiwa mezani nikampa kitindamimba dinosaria wake, angalau kwa mdomo. Upande huuhuu wa ziwa, kusini, kuna bonde la Mto Ruhuhu, kule Ludewa na Songea. Kule miamba ya mchanga na udongo ya zamani sana imekatwa na mito, kwa hiyo namba mbili imeshafanyika. Miaka ya 1930 Mwingereza Rex Parrington alitoa huko mfupa wa mkono na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Mifupa hiyo ilikaa kwenye makabati ya makumbusho London kwa miongo mingi bila kutangazwa rasmi. Mwishoni mwa 2012 ndipo timu ya wataalamu ilipoipa jina, Nyasasaurus parringtoni, na umri wa kama miaka milioni 243. Kama ni dinosaria, basi ndiye wa kale kuliko wote wanaojulikana. Kama siye, ni ndugu yao wa karibu kabisa.

"Alikuwa mkubwa?"

Urefu wa mita mbili au tatu, na nyingi kati ya hizo ni mkia.

"Yaani anatosha kwenye gari letu."

Baba yake akasema gari limejaa, bibi amenunua vyungu. Alikuwa bado hajavinunua, lakini alimjua mkwewe.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini mifupa ya Ruhuhu iko London, kama anavyouliza kwa nini mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa Lindi, yuko Berlin. Watoto nao waliuliza. Niliwajibu kwamba ilichukuliwa wakati wa ukoloni na wenye nchi hawakuulizwa. Wale wa Rukwa wamepatikana siku hizi, kwa vibali na pamoja na wataalamu wetu. Kuna hata mnyama wa huko wa jamii ya mamba, mwenye meno yanayofanana na ya paka, aliyetangazwa mwaka 2010 kwa jina la Pakasuchus kapilimai, kwa heshima ya marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitindamimba akataka kujua kama yeye naye anaweza kupewa mnyama.

Alasiri tukatembea kando ya maji mpaka Lyulilo, kwenye soko la vyungu. Wakisi wa Ikombe huvileta kwa mitumbwi, vimepangwa ndani ya majani makavu visigongane. Mama alivikagua kimoja kimoja, anakigonga kwa kidole, anasikiliza, anakirudisha. Na ni hapo, kwenye mchanga chini ya mitumbwi, kitindamimba alipoona kitu alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi: kipande chekundu, kimepinda, ukingo wake umelainishwa na mawimbi, na juu yake mistari iliyopangana vizuri. Hakukishika. Aliniita nilete rula.

Mama mmoja muuza vyungu akainama kutazama tunachopiga picha. Akakiokota, akakigeuza, akaonyesha mistari ileile kwenye shingo ya chungu kipya kilichokuwa mbele yake. Kwao, alisema, mistari hii wanajifunza kwa mama zao, na chungu kikipasuka safarini kinatupwa majini. Hiki kinaweza kuwa cha mwaka jana, kinaweza kuwa cha bibi yake. Udongo ni uleule, mkono ni uleule.

"Ni namba moja ambayo imekosea njia," binti akasema. "Kilizama lakini hakikuzikwa."

Muuzaji akamwambia mtoto achukue kigae chake, huo si urithi wa serikali. Mama yangu akatumia nafasi hiyo kupunguziwa bei.

Jumapili, kurudi juu

Ziwa lilichafuka usiku na asubuhi hakukuwa na mtumbwi uliotoka. Tukapanda kurudi Tukuyu, gari limelemewa, vyungu vimezungushiwa masweta yetu yote, maana huku chini hayakuwa na kazi nyingine.

Kupanda kulichukua muda kuliko kushuka, si kwa ajili ya mlima bali kwa ajili ya watoto. Kila mahali barabara ilipokatwa kwenye kilima walitaka tusimame. Kwa kweli kingo hizo ni kitabu. Juu udongo mweusi wa migomba, chini yake tabaka la majivu ya volkano, kisha vijiwe vyepesi kama vile vya ufukweni, kisha udongo mwingine wa zamani wenye alama za mizizi. Binti alichora kingo mbili. Kwa umri wake michoro ile ni bora kuliko ninayosahihisha kidato cha tatu, na hilo nimemwambia. Mama alikaa garini na kutukumbusha kupitia dirishani kwamba watu wanakwenda kanisani na sisi tunatazama udongo.

Jioni, akiosha chungu kipya, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mlima ulilipuka. Nikamwambia ni kweli. Akasema bibi yake alikuwa akiwatisha kwamba mlima una moto ndani, nao walidhani ni maneno ya kuwalaza watoto.

Jumatatu, kuelekea Iringa

Mjadala wa Uyole hadi Chimala: safari ijayo iwe wapi. Baba yao anapendekeza kimondo cha Mbozi, kinaonekana wazi, hakihitaji kutafutwa. Binti anataka mabonde ya Rukwa, niulizie kwenye vyuo kama kuna wataalamu watakaokuwa kazini kiangazi kijacho na kama wanapokea wanafunzi wa kutazama. Nitaulizia. Kitindamimba hataki kimondo, hakina mifupa.

Tuliposimama Makambako kula alikuwa anabandika plasta kwenye kigae chake, ameandika kwa kalamu ya dada yake: NAMBA 1. CHUNGU. LYULILO. JUMAMOSI. KIMEPATIKANA NA MIMI. Dada yake akasema haitoshi, aandike na umbali kutoka majini. Akafikiri, akahesabu kwa vidole, akaongeza: HATUA TISA ZANGU, SI ZA MAMA.